Kidonge Kimoja cha Mzee Eladio

Mashine yangu inachapa dawa, haibuni mgonjwa. Nimelisema hili pale dirishani, kwenye famasi ya hospitali mjini Santiago, mpaka mdomo umenikauka. Bado watu wanadhani ukibonyeza kitufe dawa inajijua yenyewe.

Dosinda hakuwa wa hivyo. Kila mwezi alishuka kutoka kijijini kwao, huko juu ya Lalín, mvua isimzuie, koti likinuka moshi wa kuni, akaketi mbele yangu na kunieleza hali ya baba yake. Mzee Eladio ana ugonjwa wa kutetemeka, ana maradhi ya moyo, ana presha. Zamani alimeza vidonge kiganja kizima asubuhi, mchana na jioni, na nusu yake alivitemea kwenye supu. Dosinda aliniambia: siku hizi anakakamaa kabla ya chakula cha mchana, mguu wa kushoto kwanza, usiku anapiga kelele ndotoni, baada ya kahawa mkono unatulia. Kwa maneno hayo mfamasia alipiga hesabu, daktari akaweka sahihi, nami nikaijaza mashine dawa iliyokorogwa ikawa nzito kama dawa ya meno. Mashine huitandaza tabaka juu ya tabaka, la nje la kuyeyuka asubuhi, la ndani la jioni. Kidonge kimoja kwa siku, cha mtu mmoja tu duniani.

Na huyo Dosinda mwenyewe nani alimtazama? Aliacha kazi ya cherehani mama yake alipofariki, ili abaki na mzee. Alikuwa na mchumba mmoja mwenye subira, subira ikamwisha. Mara nyingine alisinzia kwenye kiti changu akiwa katikati ya sentensi, nami nilimwacha alale, waliopanga foleni wanune wapendavyo.

Ana mdogo wake, Moncho, muuza matairi huko Vigo. Jumapili moja alikuja kula kwao. Akiwa na nyama ya nguruwe mdomoni, alimwambia dada yake, "Siku hizi umestarehe, dada. Kidonge kimoja tu! Hata mimi ningemlea baba, tena kwa mkono mmoja."

Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Dosinda aliweka kijiko chini.

"Basi mchukue leo. Mikono unayo miwili."

Moncho alicheka, akadhani utani. Jioni ile ile mzee alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari la Moncho, blanketi magotini, na kesho yake Dosinda alipanda basi kwenda Ourense, kwenye mabwawa ya maji ya moto. Alipanga chumba mwezi mzima. Alinipigia simu kuniaga, nikafurahi kama naenda mimi.

Dawa ilipokaribia kuisha, Moncho alikuja dirishani akimsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu. Moncho mwenyewe macho mekundu, vifungo vya shati vimepishana.

"Mama, naomba dawa ya baba."

"Anakakamaa saa ngapi?"

"Anatetemeka. Si ndio ugonjwa wake?"

"Usiku analala?"

"Mimi silali. Yeye sijui."

"Ameanguka?"

Akajikuna shingo. "Bafuni. Mara mbili hivi."

"Kabla ya kula au baada?"

"Sasa mama, hayo nitayajuaje? Chapa kama ya mwezi uliopita, tumalizane."

"Mwezi uliopita alikuwa haanguki," nikamjibu, na hasira zilikuwa zimenipanda. "Hii mashine inachapa ninachoiambia, na mimi nakutegemea wewe. Wewe huna la kuniambia."

Akatoa simu, akaiweka kwenye kaunta, akafungulia sauti. Dosinda alipokea. Nyuma yake wanawake walikuwa wanacheka majini. Nilijua anaitiwa nini, na nilijua atajibu nini. Maisha yake yote huyu mwanamke amejibu "nakuja."

"Dada, rudi," Moncho akasema. "Mimi huyu mzee simjui. Unayemjua ni wewe."

Tukamsikia akijitenga na vile vicheko.

"Simchukii baba," alisema hatimaye. "Nimechoka, Moncho. Nimechoka mpaka usingizi wenyewe unanichosha."

"Najua, dada."

"Hujui. Na mimi ninayemjua ni baba wa mwezi uliopita. Huyo anayeanguka bafuni sijamwona. Umemwona wewe."

"Kwa hiyo hurudi?"

"Mwezi wangu haujaisha," akasema, kisha akakata simu.

Moncho aliitazama simu, akanitazama mimi. Sikumsaidia. Nilichukua kalamu nikangoja, na foleni nayo ikangoja. Mwishowe alichuchumaa mbele ya kile kiti, akamshika mzee mkono uliokuwa ukitetemeka juu ya blanketi.

"Baba, juzi ulianguka saa ngapi?"

Mzee Eladio alimkazia macho kama anayetafuta jina lake.

"Saa ile niliyomwita Dosinda," akasema, "naye asije."