Karti ya Marguerite Iliisha Mwezi Ukiwaka

Usiku ule nilikaa kwenye benchi la saruji nje ya chumba cha upasuaji, hospitali ya Rumonge, nikiutazama mlango wa kijani. Marguerite alikuwa nyuma yake. Sikujua kama wanampasua au wamemlaza tu pembeni mpaka mtu alete dhamana ya malipo. Muuguzi aliyemsukuma ndani aliniambia, "Bakia hapa," mlango ukafungwa.

Marguerite ni jirani yangu huko kwetu Magara. Alivuka ziwa kutoka Fizi, ng'ambo, miaka kumi na minane iliyopita, na kifurushi cha nguo na Biblia iliyolowa. Hakuleta mume wala mtoto, na hakuna aliyemsikia akisema wako wapi. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Bora, ingawa Bora mwenyewe yuko Bujumbura na hupiga simu akikumbuka. Marguerite hakuwa na jina la namna hiyo, basi pwani nzima ikamwita Tantine, yaani shangazi. Anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, anafukuza kunguru kwa fimbo, na jioni anakula mlangoni kwake. Zaidi ya mara moja nimemwona akisonga ugali wa watu wawili, kisha akakaa anauangalia. Kwangu pia sahani ni moja. Hatukuwahi kula pamoja, sijui kwa nini.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaisha, walikuja watu kutoka Bujumbura kutuuliza tunataka karti ya matibabu itengenezwe vipi. Karti hiyo unailipia kila mwaka, na ukiugua unatoa sehemu ndogo tu ya gharama. Wengine walisema dawa ziwepo kweli, si kupewa karatasi ya kwenda famasi ya mjini. Marguerite, ambaye hata kanisani haombi kwa sauti, akasimama.

"Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi inalala. Sisi wa ndagala hatushiki hata faranga. Karti ikiisha siku hizo, mutuachie siku kumi na tano. Giza likirudi tutakuja kulipa wenyewe."

Zabroni, mvuvi wa kwetu, akapaza sauti kutoka nyuma. "Tantine, unataka serikali ihesabu mwezi?"

"Mke wako anauhesabu, Zabroni. Ni siku hizo tu anakuona usiku."

Tulicheka mpaka machozi. Bwana mwenye daftari naye alicheka, akaandika. Wote tulimwona akiandika.

Karti zetu mbili zilikuwa zinaisha Jumatatu. Jumamosi Marguerite alikuja kwangu amevaa viatu vya kanisani. Alikuwa ameuza kitenge ili apate ya kulipia.

"Mama Bora, twende komini tukalipe."

"Mwezi ndiyo umejaa, Tantine. Tungoje giza, tutaenda pamoja. Kwani yule bwana hakuandika?"

Pwani yetu kila kitu kinangoja giza. Harusi inangoja, karo ya shule inangoja, mwenye duka naye anangoja bila kununa. Nilidhani ofisi nayo itangoja. Na ukweli mwingine ni huu: mimi sikuwa na ya kulipia, na sikutaka kubaki nyuma peke yangu. Marguerite akavua viatu, akaenda kununua kwa pesa ile gunia la mihogo la kuuza hadi samaki warudi.

Alhamisi jioni, akiliinua gunia hilo, ngiri yake ya zamani ilitoka na haikurudi ndani. Nilimkuta amejikunja mchangani, midomo imekauka. Wavuvi walikuwa nchi kavu wote, ndiyo heri pekee ya siku zile. Wanne walimbeba kwenye turubai hadi barabarani, na Zabroni akasimamisha gari la mawese.

Hospitalini, bwana wa gishe, kwenye dirisha la malipo, aliigeuza karti mara mbili.

"Mama, hii imeisha Jumatatu."

"Tulikuwa tunangoja giza lirudi."

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali. "Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Ndugu zake?"

"Hana."

Akaandika. "Tarehe sikuiweka mimi, mama. Nitamuuliza daktari, lakini dhamana itafutwe."

Nilimpigia Bora. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikarudi kwenye benchi, nikasikiliza mlangoni. Sikusikia mlio wa vyuma vya daktari wala sauti ya mtu. Kila nilipofumba macho niliona viatu vile vya kanisani. Nayaandika haya kwa sababu sijui daftari la yule bwana liko wapi, na pendekezo lile si langu, ni la Marguerite. Siku kumi na tano tu baada ya tarehe. Angekuwa ndani ya siku hizo.

Kulipokucha mfagiaji alifika miguuni pangu, nikaiinua. Hapo muuguzi akafungua mlango.

"Nani iko na Marguerite?"

"Ni mimi."

"Tulimupasua saa sita. Utumbo ulikuwa unaanza kuoza, daktari hakungoja karatasi. Ameamuka, anaomba maji. Usimupe bado."

"Murakoze, dada. Asante sana."

"Dhamana wanaitaka bado."

"Nimesikia."

Alichungulia nyuma yangu, kwenye benchi. "Na wengine wa kwao wanakuja saa ngapi?"

"Hakuna wengine. Ni mimi."

Akauzuia mlango kwa mgongo wake. Nikavua kandambili, nikaingia.