Corwin Asiyegeuka

Binamu yangu Corwin hakuwahi kukaa kitini akatulia. Mguu wake ulicheza chini ya meza mpaka mchuzi wa bamia ukamwagika, na Bibi Earline akawa anamfukuza akakimbie kwenye tuta la mto, arudi akiwa mtu. Ndivyo mbio zilivyoanza. Bibi ndiye aliyemlea, na sharti lake kuu lilikuwa moja: ukiitwa kwa nyuma na humwoni anayekuita, usiitike wala usigeuke. Kwetu Louisiana wafu huita hivyo. Kocha wa mbio naye akakazia kwamba anayegeuka hupitwa. Corwin akawa bingwa wa mita mia wa jimbo zima bila kuwaona aliowaacha.

Lakini mbio zina sifa, mshahara hazina. Timu moja ya kulipwa huko kaskazini ikamchukua awe mpokeaji, yule anayechomoka mbele akaudake ule mpira wetu wa Kimarekani, uliochongoka ncha mbili na kuchezwa kwa mikono, unaotupwa kutoka nyuma yake. Katika mechi ya majaribio aliwaacha mabeki wote, mpira ukamfuata vizuri, ukamgonga kisogoni juu ya kofia ngumu ya mchezo. Akaachwa. Timu ya pili ikamwacha kwa kosa lile lile. Wenzake walishambatiza Lutu, maana katika Biblia mke wa Lutu aligeuka, Lutu mwenyewe katu.

Akarudi nyumbani na begi ambalo hakulifungua. Timu ya tatu ilimwita kwa mechi ya majaribio ya Agosti, na kila mtu alijua hakuna ya nne. Akawa anazunguka uani, anachungulia simu, anabandua rangi ya mlango kwa kucha. Nilimchoka, nikamwambia akamzungukie mtu mwingine.

Bibi, magoti yenyewe yamekwisha, akabeba bakuli la pekani, zile kokwa za mtini zenye ganda gumu, akamwamuru akimbie njia ya makaburini. Kisha akamrushia moja.

“Corwin!”

Ikampiga mgongoni, naye huyoo, anakata mbuga. Akaitwa tena, akapigwa tena, shingo haikusogea. Aliporudi Bibi alikuwa amefura.

“Hivi wewe, mimi nimekufa?”

“Hapana, Bibi. Si ulinifundisha mwenyewe?”

“Nilikutwika mimi, leo nakutua mimi. Nikikuita, geuka, na mikono ije.”

Alasiri nzima pekani ziliruka. Mwanzoni aligeuka amefumba macho kama mtoto anayengoja kofi, nikacheka mpaka nikapaliwa. Mwishowe alidaka moja, akaivunja kwa meno, akaila.

Agosti tulimtazama kwenye televisheni. Alipochomoka, Bibi aliinuka kitini akaliita jina lake, na kichwa kikageuka. Sisemi alisikia. Nasema kiligeuka, na mpira ukakaa mikononi. Akapata nafasi, akapanga nyumba, na begi likafunguliwa.

Bibi alifariki msimu uliofuata. Kwetu ukishamzika mtu unaondoka bila kutazama nyuma, nasi tukaondoka hivyo, wote tumekaza shingo. Njiani Corwin akasimama ghafla. Akageuka kulielekea kaburi, mikono mbele, viganja juu.

Shangazi akamshika mkono kwa hofu, akamsihi twende.

“Mwache,” nikasema. “Ameitwa.”