Peni ya Maji Kupwa na Chupa Yangu ya Ukwaju

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu, maana najua huku ughaibuni, Scarborough, limeshazunguka majumba yote mpaka foleni ya buchani: ndiyo, ni mimi, Zainabu wa mapokezi kwa daktari wa meno, niliyesimama mbele ya ukumbi mzima na chupa ya ukwaju mkononi nikiwafundisha watu kuharibu mali zao. Nimeaibika, sikatai. Lakini hasira niliyonayo imeizidi hiyo aibu, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona nami nina haki yangu, japo kidogo.

Ugonjwa wangu wa peni mnaujua. Zile peni kubwa za Kiingereza za zamani, upande mmoja mfalme, upande wa pili yule mama aliyeketi na ngao yake na mkuki wa meno matatu. Nilinunua mfuko wa kwanza kwenye mnada wa kanisa la jirani (nilifuata mapazia, nikarudi na kilo mbili za shaba) na tangu siku hiyo nikitoka kazini ni mimi na lenzi yangu mezani, natafuta kiherufi cha H, alama ya kiwanda, kushoto kwa mwaka, naangalia nywele za mfalme, na mume wangu kachoka kula huku kasukumiwa sahani pembeni. Watu wanadhani peni zote ni moja. Si moja! Chukua za mwaka 1902: nyuma ya yule mama kuna bahari, na kwa kawaida bahari hiyo imejaa, lakini zipo chache ambazo mstari wa maji umeshuka chini mpaka pale miguu yake inapopishana. Wenyewe wanaziita za maji kupwa. Hazimtajirishi mtu, lakini mkusanyaji akiiona hiyo moyo unamruka.

Na aliyekuwa nayo ni Mzee Hasanali wa Don Mills. Huyu ni mzaliwa wa Unguja, miaka themanini na ushee, alikuja kwetu kupimwa meno ya bandia akanisikia nagombana kwa simu, kwa Kiswahili, na mdogo wangu, basi akakaa pale mapokezi saa nzima baada ya kuhudumiwa, anacheka tu. Akanialika chai. Chai imekolea tangawizi, kashata zimepangwa, akatoa kikopo cha vidonge cha zamani, ndani mna peni moja imevingirishwa kitambaa. Akaniambia baharia mmoja aliiacha kwa baba yake, dukani huko Unguja, akamwomba amtunzie mpaka atakaporudi kwa sababu ndiyo peni yake ya bahati na safari ile aliiogopa, asije akaipoteza. Hakurudi. Baba yake akaitunza mpaka akafa, na yeye anaitunza mpaka leo.

Nikatoa lenzi (natembea nayo, ndiyo, chekeni). Mwaka 1902. Bahari iko chini kwenye miguu. Nilipiga ukelele mzee wa watu akadhani nimeng'atwa.

Basi nikamwomba aniazime, kwa sababu chama chetu cha wakusanyaji kilikuwa na maonyesho Jumapili inayofuata kwenye ukumbi wa maktaba, na mimi miaka miwili nakaa kiti cha nyuma hakuna anayeniuliza lolote, na hapa nimepata kitu cha kusimama nacho mbele. Akaivingirisha tena kitambaa chake. Kisha akasema, "Haijapata kutoka nyumba hii bila mimi. Lakini ichukue, mwanangu. Ni amana." Akaniongezea na sahani ya kashata, ile sahani ya maua, imefunikwa vizuri, nikale na mume wangu.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Jumamosi asubuhi naitazama ile peni, nyeusinyeusi, uchafu umejaa kwenye mikunjo ya gauni la yule mama, nikajiambia: cha watu hakirudishwi kichafu. Nimelelewa Tanga, ukiazima sufuria unairudisha inang'aa kuliko ulivyoichukua, ukiirudisha na masizi yake utasemwa wewe, mama yako na aliyekufundisha kuosha vyombo. Na mzee anakuja kesho na familia yake yote, nimkabidhi mbele za watu kitu kama kimeokotwa mtaroni? Nikaloweka ukwaju, nikatia chumvi, mswaki wa zamani, nikasugua kama sinia la Idi, na palipokataa nikapitisha kisugulio cha masufuria. Ikatoka nyekundu inawaka! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. (Peni zangu mwenyewe sijawahi kuziosha hata moja. Uvivu. Uvivu ndio uliozisalimisha.)

Mtasema, wewe si unasoma vitabu? Nasoma! Kitabu kilikuwa na sura nzima ya utunzaji, nikairuka, maana mtu wa Tanga anafundishwa na nani kusafisha shaba?

Jumapili nikasimama. Mzee Hasanali kakaa mstari wa mbele na kofia yake, pembeni mwanawe Nadir na wajukuu. Nikaeleza maji kujaa na maji kupwa, watu wanaitikia kwa vichwa, nikafunua kitambaa. Vichwa vikaacha kuitikia. Gordon, mwenyekiti wetu, akainama, akasema taratibu, "Aa. Inang'aa kweli."

Nikasema ahsante! Mimi nikasema ahsante!

Akauliza, "Ilikuwa hivi ulipoipata?"

"Wapi! Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria," nikamjibu, na mdomo ukashika njia wenyewe, nikaeleza ukwaju kiasi gani, chumvi kiasi gani, nikatoa chupa niliyokuja nayo makusudi, nikasema nani anataka tuanze na yake. Bibi mmoja akalalia trei yake ya sarafu kwa mikono yote miwili, kama kuku na vifaranga.

Ndipo Gordon, kwa ile adabu yao ya kukuchinja polepole, akanieleza kwamba sarafu haisafishwi, haijawahi kusafishwa, ile rangi ya uzee ndiyo thamani yake na ikitoka hairudi. Nikawaka. Nikamwambia miaka miwili nimekaa kwenye kile kiti, mmenieleza mpaka wapi pa kuegesha gari, mbona hili hakuna aliyelisema? Akasema, "Tulidhani kila mtu anajua." Kila mtu nani? Mtu mwingine akainua kitabu, akanionyesha, ipo hapa, sura ya tisa. Sura ya tisa! Jambo la kumwangusha mtu wanaliweka sura ya tisa, badala ya kuliandika mlangoni kwa rangi nyekundu! Nikarusha mkono kusisitiza, na mkono ndio ulioshika chupa. Ukwaju ukaruka, ukatua kwenye meza ya Gordon, ukaanza kutambaa kuelekea trei ya peni zake za Malkia, watu wazima wakarukiana, trei ikanyanyuliwa juu ya vichwa, mjukuu wa mzee anachukua video.

Nilipogeuka, Mzee Hasanali alikuwa amesimama mezani, ameishika peni kiganjani. Hasira yote ikaniisha. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilitaka kukurudishia kitu kisafi."

Aliigeuza upande huu, upande ule. "Baba hakuifuta hata vumbi," akasema. "Tulikuwa tunamsihi. Anasema, mwenyewe akija aikute alivyoiacha, asije akadhani nimembadilishia."

Nikalia, nakwambieni. Mbele ya chama, mbele ya Gordon na kitambaa chake cha kufutia meza, nililia.

Akaivingirisha, akaitia kwenye kikopo, akanishika bega. Hakunifokea, na bora angenifokea. Walipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Bi Zainabu, na ile sahani yangu ya kashata, ukiileta, ilete kama ilivyo." Nadir akacheka. Mzee hakucheka, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Nimejiapiza: cha mtu nikikabidhiwa, nitauliza kwanza mwenyewe anataka kirudi vipi, na ukwaju wangu utaishia kwenye samaki. Lakini ile sahani bado ninayo. Wiki ya tatu sasa iko juu ya friji na makombo yake ya nazi, mume wangu ananiuliza kwa nini siioshi, namfokea. Kuiosha naogopa. Kuirudisha chafu, mtoto wa mama yangu, siwezi.