Kauri Katika Goti la Paskalina

Ninyi vijana mtakaosoma hii kwenye simu zenu, kaeni sawa kwanza. Naandika kwa sababu nimechoka kuulizwa habari za safari hii na watu wanaojijibu wenyewe kabla sijafungua mdomo.

Mjukuu wangu Paskalina anatandika vitanda kwenye hoteli ya watalii huko juu Ngorongoro. Goti lilimvimba, akarudi kwangu kijijini Baray. Tukamwita mkandaji wetu wa mifupa. Alikanda miezi miwili kwa mafuta ya kondoo, binti akilia, na mimi ndiye niliyemshikilia mguu asiuvute. Goti lilipokuwa kama boga changa nikasema basi, hospitali.

Alfajiri tulipanda lori la vitunguu hadi Karatu. Likasimama kila penye mtu anayepunga mkono. Karatu wakapiga picha ya goti, daktari akaiangalia, akasema, "Bibi, hili ni la Moshi."

Saa saba mchana, Makuyuni, basi tulilopanda kwenda Moshi likaharibika. Tukakaa juani, mguu wa Paskalina juu ya begi. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaja kunishauri: "Bibi, mngemkanda tu." Nilimtazama mpaka akarudi kivulini.

Moshi walitoa kinyama gotini wakapime. Tukasubiri majibu siku nyingi, sikulala vizuri hata moja. Kisha daktari akatuita, mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa mwisho.

"Mlikuwa mnakanda?"

Nikageukia dirisha.

"Bibi, nakuuliza wewe."

"Tulikanda."

"Huu uvimbe unakula mfupa. Haujasambaa, mshukuruni Mungu. Lakini mfupa umebaki kama ganda la yai. Mngeendelea, ungepasuka, pengine mguu tungeukata."

Akaeleza kwamba wataukwangua uvimbe wote, na shimo watalijaza punje za kauri.

"Kauri ya vikombe?" nikauliza. "Vyangu paka tu anavivunja."

"Hii imetengenezwa kwa ajili ya mfupa. Ina vitundu vidogo sana. Mfupa unaota ukipita humo, na kauri yenyewe inaisha polepole. Ila mpaka mfupa ushike, asiukanyagie huo mguu, wala usikandwe."

Paskalina akasema, "Bibi, usije ukaniosha pamoja na vyombo." Ndipo nilipolia, na huyo mtoto akanicheka.

Upasuaji ulikwenda salama. Daktari akasema goti litapigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, maana uvimbe wa namna hiyo hupenda kurudi. Tukaondoka na magongo mawili.

Jioni ya kufika Baray, ukoo mzima ulikuwa uani. Paskalina hajakaa vizuri, shangazi yake ameshainjika mafuta ya kondoo jikoni.

"Ya nini hayo?"

"Mama, tumkande kidogo tu, hiyo kauri ikae mahali pake."

Jamani! Safari yote ile, halafu mafuta yananingoja jikoni. Lakini nilijua alikojifunza. Alijifunza kwangu. Miezi miwili mtoto alikuwa akilia ukweli, na mimi nikimbana mguu nikimwambia avumilie. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Moshi, na ni zito kuliko begi.

Nikaepua sufuria, nikamwaga mafuta nje, mbwa wakafurahi. Nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo: "Goti hilo asiliguse mtu. Akilia, mwacheni, muulizeni panauma wapi. Na mwenye mikono inayomwasha, unga uko kwenye debe, akakande chapati."