Rubisi ya Eliud Isiyolewesha

Jirani yangu Eliud hajawahi kutupa kitu. Ukipita kwake hapa Ihanda utakuta rimu za baiskeli, mabati yaliyotoboka, mlango usio na nyumba na kitanda kisicho na miguu, vyote vimerundikwa nyuma ya jiko. Mkewe Jenifa alishachoka kusema. Siku hizi hutikisa kichwa tu na kupita pembeni.

Kati ya makorokoro hayo ulikuwapo mtumbwi wa pombe wa marehemu baba yake, lile gogo refu lililochongwa ambalo sisi hukanyagia ndizi mbivu kwa nyasi ili kupata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mzee yule alikuwa Mlutheri kama mwanawe, lakini rubisi yake ilisifiwa hadi Nyakasimbi, na kanisa lao likamtenga. Akafa akiwa ametengwa. Eliud mwenyewe hajawahi kuonja hata tone, ila jambo lile lilimuuma sana. Mwaka huu waumini walipomchagua kuwa mzee wa kanisa, alilia barabarani bila aibu. Alisema sasa jina la baba yake litasafishika.

Mimi, Rogasian, ni Mkatoliki. Rubisi yangu nainywa mchana kweupe, na mambo ya walokole hunichosha. Lakini Eliud nampenda.

Sasa, kabla hajasimikwa, akapata wazo. Kibanja chake cha migomba kilikuwa kimechoka, mikungu inatoka midogo hadi ni aibu kumpikia mgeni. Bwana shamba alikuwa amepita kutufundisha kutengeneza mboji. Sote tulisikiliza, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Eliud peke yake akaanza kazi. Kununua tofali hakutaka, maana nyuma ya jiko ana kila kitu. Akautoa mtumbwi, akauinua juu ya mawe, akaongeza kuta kwa mbao za kitanda na kuzikaza kwa waya za breki za baiskeli. Ndani akajaza samadi, majivu, maganda ya ndizi na nyasi. Vilipofurika, akavua viatu, akapanda juu, akavikanyaga. Akafunika kwa majani ya mgomba na juu yake akalaza ule mlango. Gogo lilikuwa na ufa, kwa hiyo chini yake akatega ndoo ya kukinga maji ya mbolea, akamwagie mchicha wa Jenifa.

Hebu fikiria hayo yote ukiwa mtu wa Karagwe. Mtumbwi, ndizi, nyasi, mtu anakanyaga kwa miguu, majani ya mgomba, ndoo ya maji ya kahawia. Na asubuhi mvuke unapanda. Nani asingemeza mate?

Habari zikaenea. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wakasema. Eliud aliapa kwamba ni mbolea, lakini kila mpika pombe anayejificha husema ni mbolea, kwa hiyo kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kumkonyeza. Wengine walianza kupita kwake na vibuyu, kumsalimia tu. Ikasemwa kwamba hatasimikwa tena.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada ya kumsimika, mchungaji akaja na wazee wa kanisa. Miongoni mwao alikuwapo Nestory, jirani yetu wa upande wa chini, mlokole wa kupindukia. Nestory akikaribia kilabu cha pombe huvuka barabara. Lakini siku ile, ajabu, alikuwa mkimya.

Mlango ukaondolewa. Mvuke ukapanda, na wazee wote wakarudi nyuma, maana mtu aliyeokoka hainamii pombe.

"Fukueni hadi chini muone samadi," Eliud akawasihi.

Hakuna aliyetaka kuchafua suti. Mzee mmoja akasema, "Muiteni Rogasian aonje ile ya kwenye ndoo. Ulimi wake haukosei."

Nilikuwa nachungulia kutoka kwangu, nikaja mbio. Waitu, nilijisikia vizuri! Maisha yangu yote Walutheri hawajawahi kuniomba ushauri. Nikachota kikombe kizima. Pua yangu haikunisaidia, ugoro uliimaliza tangu ujana.

"Rogasian, hayo ni maji ya samadi na mkojo wa ng'ombe!" Eliud akapiga kelele.

Sikumwamini. Mwenye pombe nzuri huisema vibaya ili wageni wasiimalize. Nikainua kikombe.

"Usinywe!"

Alikuwa Nestory. Sote tukamgeukia.

"Usinywe, ndugu yangu," akasema, sauti imeshuka. "Ni mkojo kweli."

"Umejuaje, Mzee Nestory?" mchungaji akauliza.

Nestory akaangalia viatu vyake. "Nimeionja, Mchungaji. Jumanne, Eliud alipokwenda kuchota maji."

Jenifa akamsogelea. "Tangu Jumanne unajua! Mume wangu anaitwa mlevi kijiji kizima, nawe umenyamaza?"

"Ningesemaje, Mama, bila kusema nimejuaje?"

Nilikasirika, kisha nikamhurumia. Mtu yule angenyamaza tu nami ningekunywa, na siri yake ingebaki salama.

"Basi," mchungaji akasema polepole, "ulionja mara moja tu?"

Nestory akafuta jasho. "Mara mbili. Ile ya kwanza nilidhani haijaiva."

Mchungaji akageukia migomba, mabega yanamtikisika. Eliud ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza, akacheka hadi akakaa chini. Mimi nikamwaga kikombe changu taratibu.

Jumapili Eliud akasimikwa. Wanasema Nestory alijificha benchi la mwisho, na Eliud akamfuata, akamshika mkono hadi mbele. Jenifa hakupiga makofi, lakini hakutoka nje.

Siku ya kuigeuza mboji, Nestory alikuja na jembe lake bila kuitwa, akafanya kazi kuliko sisi sote. Kwa heshima, hakuna aliyemuuliza kama sasa imeiva. Isipokuwa mimi.