Mashine Ikizaa Pacha

Nilipomwambia mama kwamba kazi yangu Kisumu ni kukunja karatasi na kuzitia kwenye bahasha, aliniuliza kwenye simu kutoka Sondu, "Kwa hiyo nilikusomesha ukunje karatasi?"

Iliniuma, sitaficha. Mashine yetu pale duka la uchapishaji si mchezo. Inameza karatasi, inaikunja mara mbili, inaitia kwenye bahasha, inafunga mdomo, na anwani inabaki ikionekana kwenye kidirisha cha bahasha. Kitabu chake kilikuja na maneno marefu ya Kiingereza, lakini mashine ikinguruma nani ana pumzi ya maneno marefu? Mimi na mwenzangu, mama Mkikuyu aliyekulia hapa hapa mjini, tukajitungia yetu. Bahasha ikikataa kufunguka, imenuna. Anwani ikipotea kidirishani, imeenda ushago, yaani kijijini. Karatasi mbili zikiingia bahasha moja, mashine imezaa pacha. Hao pacha ndio niliowachukia. Mtu mmoja anapata barua mbili, jirani yake anakosa.

Msimu wa mvua, chama cha wauza maziwa kilituletea kazi ya kuchapisha notisi za mkutano wao wa mwaka. Mama yangu ni mwanachama, kwa hivyo yake ilikuwa mahali fulani kwenye rundo lile. Mzee mwenye duka alituambia wazi: zisipofika posta Ijumaa kabla ya kufungwa, kazi inakwenda Nairobi na mashine inauzwa.

Tukazichapisha Alhamisi, tukaziacha dirishani wino ukauke. Sisi watu wa ziwa tunaanika kila kitu. Lakini lile dirisha linatazama ziwa, na karatasi zikanywa unyevu hadi zikashikana. Asubuhi mashine ikazaa pacha, ikazaa tena, ikakwama.

"Pitisha tu," Mzee akasema. "Pacha watajuana huko mbele."

"Mzee, hapana," nikamwambia. "Afadhali unifute kazi. Barua ya mtu haiendi kwa jirani nikiwa nimesimama hapa."

Alinitazama, akatoka nje kuvuta sigara. Sikujuta.

Tukahamisha rundo zima hadi chumba cha nyuma, kando ya mashine ya kutoa kopi iliyokuwa na joto. Tukachukua fungu dogo dogo, tukashika ncha moja, tukazipepeta kama mtu anayepepeta nafaka ya wimbi, hadi kila karatasi ikaachana na mwenzake. Mwenzangu alipepeta, mimi nikalisha mashine. Bahasha za pacha tulizifungua zote, tukaanza upya. Mchana hatukula. Mzee alirudi, akasimama mlangoni, kisha akakunja mikono ya shati na kuanza kupepeta.

Tulifika posta mlinzi ameshika komeo. Akatuona na makatoni kichwani, akafungua.

Juma lililofuata mama akapiga simu. "Imefika," akasema. "Jina langu limekaa katikati ya kidirisha. Jirani zangu pia wamepata, kila mtu yake. Nimewaambia zimekunjwa na mtoto wangu."

Siku ya mkutano alikwenda na bahasha yake mkononi, na wenzake wananiambia alimwonyesha kila aliyeketi karibu naye, ingawa wote walikuwa na zao.