Fundi wa Meno na Hadithi ya Kumi

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme, na nyuma yake kulikuwa na chumba ambacho wagonjwa hawakukijua. Walikaa kwenye kiti cha daktari, wakang'ata lile donge laini la kuchukulia vipimo, wakaenda zao wakidhani meno yao ya bandia yanaagizwa kiwandani. Kumbe yalitengenezwa palepale, hatua kumi na tano kutoka kwenye kiti, na mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye miwani ya kusomea machoni na miwani ya kazi kichwani. Jina lake halikuwa likitajwa sana. Daktari alimwita Fundi, mfagizi alimwita Fundi, na hata mume wake alipopiga simu pale alisema, "Niitie Fundi."

Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi ile. Alimimina plasta kwenye kipimo, akasubiri ikauke, akapanga meno juu ya nta, moja baada ya jingine, akayasogeza kwa unywele mmoja huku na kule mpaka yakakaa kama yamezaliwa hapo. Lakini kwenye droo, chini ya mabamba ya nta, kulikuwa na daftari, na ndani ya daftari kulikuwa na hadithi.

Alikuwa akiandika tangu ana miaka kumi na mmoja. Shuleni wenzake walipokezana daftari lake mpaka likachanika mgongo. Alipofika miaka ishirini na miwili, kwenye kikao cha familia, mjomba wake alimuuliza anataka kuwa nani, naye akajibu bila kufikiri kwamba yeye ni mwandishi. Mjomba akauliza, "Mwandishi wa barua?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka, ili isionekane kwamba imemchoma. Tangu siku hiyo, mtu akimkuta na kalamu na kumuuliza anafanya nini, alikuwa na jibu moja tu: "Ah, naandikaandika tu." Aliishi ndani ya neno hilo miaka ishirini na miwili.

Hata hivyo hadithi hazikukoma. Zilipofika tisa alizichapa vizuri, akazituma kwa mchapishaji mmoja bila kumwambia mtu, kisha akajitahidi kusahau. Miezi minane ikapita. Siku moja mchana, mikono yake ikiwa imezama kwenye plasta hadi viganjani, simu ikalia. Aliipokea kwa kiwiko.

"Nazungumza na mwandishi?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Hapana, umekosea namba," alisema Fundi. "Hapa ni kliniki ya meno."

Akakata. Alirudi kwenye kazi yake, akakoroga mara mbili, kisha mkono ukasimama. Alitazama simu. Plasta ikaanza kugandia kwenye bakuli naye bado ameitumbulia macho. Alipoipigia namba ile, mhariri wa yule mchapishaji alikuwa anacheka, naye alilazimika kujieleza kama mtoto aliyefika shuleni na viatu tofauti.

Habari zilikuwa njema. Mhariri alizipenda hadithi zote tisa. Ila kitabu kilikuwa chembamba, alisema, kinahitaji hadithi moja zaidi, nayo iwe nzito kidogo. Angeweza kuileta mwisho wa mwezi ujao?

"Naweza," alisema Fundi. Hakuwa nayo hata nusu.

Nyumbani palikuwa si mahali pa kuandikia hadithi nzito. Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole asiyejua kukataa, na sebule yao ilikuwa na majokofu mawili au matatu ya watu kila wiki, mengine yanaguruma, mengine yanavuja. Mama mkwe wake aliishi nao, akikaa karibu na dirisha na kutoa taarifa ya kila anayepita. Binti zake wawili walikuwa kwenye umri wa kupoteza kitu kila dakika kumi na kuamini kwamba mama ndiye anajua kilipo. Na juu ya yote kulikuwa na dada yake mkubwa, aliyepiga simu mara tatu kwa siku. Asubuhi aliuliza umeamkaje, mchana alieleza alivyoamka yeye, na jioni alipitia upya yote mawili.

Fundi alikaa mezani jioni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wazo halikuja. Jioni ya nne mume wake, aliyekuwa ameinamia jokofu na bisibisi mdomoni, alimtazama kwa muda.

"Mama watoto, chukua likizo," alisema. "Nyumba ya kaka yako iko tupu, wao wamesafiri. Nenda wiki moja ukatulie. Mimi na mama tutaangalia watoto."

Akaenda. Kwa kaka yake palikuwa na kimya cha kumfanya mtu asikie tumbo lake. Meza ilikuwa pana, kiti kina mto. Siku ya kwanza alipanga kalamu. Siku ya pili alifuta madirisha yote, ndani na nje, maana aliona hawezi kufikiri mbele ya kioo chenye vumbi. Siku ya tatu alipanga upya kabati la vyombo la wifi yake, jambo ambalo baadaye lilizua maneno. Siku ya nne, saa nne asubuhi, yeye mwenyewe alichukua simu akampigia dada yake, na dada yake akashtuka kiasi cha kuuliza nani amefariki.

Alirudi nyumbani na mistari mitatu. Yote ilihusu pazia.

Hapo moyo wake ulishuka. Alijiambia kwamba wale waliocheka kwenye kikao walikuwa na haki. Mwandishi wa kweli angepewa wiki nzima ya kimya, angetoka na kitabu. Yeye alitoka na madirisha masafi. Alifikiria kumpigia mhariri amwambie kitabu kibaki na tisa, au kisiwepo kabisa, na alikuwa bado anayatafuta maneno ya kusema siku alipoletewa mzee mmoja chumbani kwake pale kliniki.

Mzee huyo alikuwa mrefu, kola yake imenyooka kama rula. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtangazaji kwenye stesheni ya treni, na watu walimwita Mzee Kipaza. Meno yake mapya yalimkaa vizuri, yalitafuna vizuri, lakini alikuwa ameyarudisha mara tatu. Daktari alikuwa amechoka naye, akamfungulia mlango wa nyuma na kusema, "Ongea na Fundi mwenyewe."

"Shikamoo, mzee," alisema Fundi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipa kinywa hiki?"

"Ni mimi. Kina tatizo gani?"

"Herufi moja tu. Lakini ndiyo niliyoishi nayo."

Fundi alimkalisha kwenye stuli. "Nihesabie kuanzia sitini, taratibu."

"Sitini," alisema mzee, na neno likatoka na mluzi mwembamba. "Sitini na sita. Sitini na saba. Umesikia? Hiyo si sitini. Hilo ni birika."

"Lakini mzee, umeshastaafu. Siku hizi unamtangazia nani?"

"Mke wangu," alisema mzee. "Ananicheka."

Fundi alikubali kwamba hiyo ni sababu ya kutosha. Aliyachukua meno, akayageuza, akaona palipo na shida: sehemu ya kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele, ilikuwa nene kidogo na ulimi ulikosa nafasi. Alivaa miwani ya kazi akaanza kusaga, kidogo kidogo, akimpa mzee ajaribu, akiyachukua tena. Kazi ya namna hiyo haiendi kwa haraka. Mara ya tatu mzee alipokuwa ameketi bila meno, mkono mdomoni, aliuliza kwa sauti iliyolegea:

"Na wewe ukitoka hapa unafanya nini?"

Fundi hakujua kwa nini alijibu vile. Labda ni kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa kwenye mashine. Labda ni kwa sababu mzee hakuwa ndugu yake.

"Mimi ni mwandishi," alisema.

Alisubiri kicheko. Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa tu mtaa ambao mwenzake anaishi. "Leo umeandika nini?"

"Leo sijaandika. Mwezi huu mzima sijaandika. Sina wazo, nangoja lije."

Mzee alinyoosha mkono akaomba meno yake, akayavaa kwanza, maana alikuwa na jambo la kusema na hakutaka kulisema kwa fizi.

"Kuna siku mvua ilichukua reli," alisema. "Treni haikuja asubuhi, haikuja mchana, haikuja jioni. Unadhani nilifunga kibanda nikaenda nyumbani? Siku hiyo ndiyo niliyofanya kazi kuliko siku zote. Watu wamekaa juu ya mizigo yao, wanataka kusikia mtu yuko pale. Treni ikija, mwenzangu, inajitangaza yenyewe, kila mtu anaiona. Mshahara wangu ulikuwa wa siku ambazo haiji." Alijaribu tena. "Sitini na sita. Bado kidogo. Saga hapa."

Fundi akasaga. Mara ya tano neno likatoka safi. Mzee alirudia mara tatu, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasahau kushukuru. Kutoka dirishani Fundi alimsikia huko chini mbele ya duka la umeme akiwaeleza watu ambao hawakumuuliza kwamba sasa ni saa sita na nusu.

Plasta huchukua kama dakika arobaini kukauka vizuri. Kwa miaka kumi na minane aliyofanya kazi pale dakika hizo zilikuwa za chai na simu za dada. Mchana ule Fundi alimimina kipimo cha mgonjwa mwingine, akaweka saa ya mezani, akatoa daftari chini ya nta na kuandika. Hakuwa na wazo. Aliandika ukurasa mbovu, wa kuaibisha, na saa ilipolia akafunga daftari bila kuusoma. Kesho yake aliandika mwingine, mbovu vilevile.

Siku ya tatu daktari aliingia bila kubisha. "Unafanya nini?"

Lile neno la zamani lilipanda mpaka kwenye ulimi. Fundi alilimeza. "Naandika hadithi. Natoa kitabu."

"Kitabu?" Daktari alitazama daftari, akatazama kipimo mezani. "Na meno ya yule mama?"

"Plasta haijakauka. Ikikauka nakuja."

Daktari alirudi nyuma akafunga mlango polepole. Baada ya dakika aliufungua tena, kichwa tu. "Nimo humo?"

"Bado," alisema Fundi.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi, lakini si kugumu kama alivyokuwa akifikiri. Aliwaambia wote, mezani, kwa sauti ya kawaida, kwamba kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja yeye yuko kazini, hata kama wanamwona ameketi chumbani. Binti zake wakauliza kama vitu vikipotea saa hiyo itakuwaje. Aliwaambia vitakaa vimepotea saa moja. Mama mkwe alipenda sana mpango huo, akajipa cheo cha kulinda mlango, na kwa siku mbili za kwanza alipiga makelele ya kuwanyamazisha wengine yaliyozidi makelele yaliyokuwepo.

Dada mkubwa alipiga saa kumi na mbili na dakika tano.

"Dada, niko kazini. Nitakupigia saa moja."

"Kazini wapi? Namsikia bibi akisema hapo."

"Niko nyumbani, naandika. Mimi ni mwandishi, dada, na hii ndiyo saa yangu ya kazi."

Dada akashusha sauti. "Tangu lini, mdogo wangu?"

"Tangu nina miaka kumi na mmoja. Ulikuwa unanifichia daftari."

"Kweli nilikuwa nakufichia," alisema dada. Kisha, baada ya kufikiri: "Saa moja kamili, au na robo?"

Hadithi ya kumi haikushuka kutoka popote. Siku ya kumi na moja, katikati ya ukurasa mbovu kama kurasa nyingine, alikuta sentensi moja iliyosimama: mwanamke anayefua mashuka ya hoteli anamfahamu mgeni wa chumba fulani kwa mashuka yake tu, bila kumwona sura. Akaifuata. Kuna siku ilimpa kurasa mbili, kuna siku ilimnyima hata mstari, naye akakaa mpaka saa ikalia. Jokofu la mtu liligonga ukuta wa chumba kwa wiki nzima, na mlio wake ukaishia kuwa mashine ya kufulia ndani ya hadithi. Alimaliza zikiwa zimebaki siku nne.

Mhariri alipiga baada ya wiki. "Ni nzuri. Ni nzuri kuliko nyingine. Ila ukurasa wa kwanza tuukate, tuanzie pale anapokuta damu kwenye foronya."

Mwaka mmoja nyuma Fundi angesema sawa na kushukuru. Sasa alikaa juu ya stuli, akaufungua ukurasa huo na kuusoma wote mhariri akimsubiri kwenye simu.

"Aya ya pili itoe, haina kazi," alisema. "Ukurasa unabaki. Bila huo, damu inakuwa ya mtu tusiyemjua."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Ukabaki.

Kitabu kilitoka mwanzoni mwa mwaka, chembamba bado, jalada la kijani. Mume wake alikiweka juu ya jokofu la mteja ili mteja akione, na mteja akakinunua. Mama mkwe, ambaye macho hayamsaidii tena, alisomewa chote na wajukuu, akalalamika kwamba yule mfua mashuka alipaswa kuolewa. Dada mkubwa alipiga saa moja na dakika moja.

"Hadithi ya nne," alisema. "Yule mwanamke asiyefunga mdomo. Ni mimi?"

"Ni wewe, dada."

"Nilijua." Alivuta pumzi. "Umenipatia kabisa."

Jumatatu iliyofuata, mvua ikinyesha, Fundi alimimina kipimo, akafungua daftari jipya na kuketi. Hakuna kilichokuja. Aliandika: mvua, mlango, mwanamume mwenye mwavuli wa mtoto. Akayatazama maneno hayo, akafuta mvua, akafuta mlango. Kisha akavuta stuli karibu na meza na kuanza kuuliza mwavuli ule ulikuwa wa mtoto gani.